Naomba ushauri: mashine ya kuvukiza bangi ya tiba, ya kutumia nyumbani (niko Ujerumani)

Binti_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu, hasa mlioko Ujerumani.

Mwaka juzi nilianguka kwenye ngazi kazini, nikafanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, sehemu ya shingo. Mfupa umeunga, lakini mishipa ya fahamu haijatulia. Usiku mikono inawaka kama nimemenya pilipili kutwa nzima, na vidole vimekosa nguvu, hata kufungua chupa ya maji ni kazi. Dawa mbili za kwanza zilinifanya nilale mchana, nikashindwa kuwahudumia wanangu. Sasa daktari ameniandikia maua makavu ya bangi, nayachukua duka la dawa kwa cheti. Amenikataza kabisa kuyavuta kama sigara. Kasema niyavukize.

Nilinunua mashine ndogo ya mkononi, ya bei nafuu. Betri haimalizi nusu saa, na mara ya tatu tu kuitumia chumba kizima kilinuka moshi na koo likawaka. Naishi ghorofa ya tatu na watoto wawili wadogo. Sihitaji ya kutembea nayo. Nataka itakayokaa nyumbani na kunifaa kwa miaka. Nichague vipi? Sitaki kupoteza hela mara ya pili.

Kipanga79
Pole sana dada. Swali moja: si hizi mashine zilizoua watu Marekani mwaka 2019? Nauliza kwa wema, nami nina ndugu anayezitumia.

FundiSaidi
Kipanga, zile zilikuwa za vichupa vya mafuta ya bangi. Mengi yalichakachuliwa kwa asetati ya vitamini E, ikaharibu mapafu ya watu. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa vifo 68. Anachozungumzia dada ni jani lenyewe kavu, lililopimwa na kutolewa na mfamasia. Ni vitu viwili tofauti.

Binti_Tanga, moshi ule ulikuwa ni wa kuungua. Wewe wa Tanga utanielewa haraka: udi ukiuweka juu ya kaa jekundu unaungua, unatoa moshi mkali na harufu inakufa. Bibi zetu walifunika kaa kwa majivu kwanza, joto likapanda polepole, udi ukatoa manukato yake. Mashine nzuri ya kuvukiza ni kaa lililofunikwa majivu. Dawa iliyomo kwenye ua inatoka ikiwa mvuke chini sana ya joto la kuunguza. Wengi huanza nyuzi 180, wakipanda hawapiti 210. Ukivuka 230 umeshaanza kuchoma.

Mashine nyingi za bei ya chini hupasha ukuta wa chemba, yaani kile kikopo unachotia majani. Jani linalogusa ukuta linaungua, la katikati halijapata joto, kama karanga zisizogeuzwa kikaangoni. Zilizo bora husukuma hewa moto katikati ya majani, yote yanapata joto sawasawa. Kwa hiyo ukienda dukani uliza mambo mawili: inapasha kwa hewa au kwa ukuta? Na naweza kupanga nyuzi moja moja, au ina taa tatu tu za rangi? Yenye taa tatu achana nayo.

Nesi_Bremen
Fundi kaeleza vizuri, lakini mimi ningeanza na mikono yako, dada, kabla ya mashine.

Nimehudumia wagonjwa wenye vidole kama vyako. Nimeona mtu ananunua mashine nzuri kabisa, kisha inakaa kabatini kwa sababu hawezi kufungua kifuniko chake, wala kujaza chemba yenye upana wa kidole. Usiagize mtandaoni. Nenda duka la vifaa tiba, uishike, uifungue na kuifunga mara tano mfululizo. Ukishindwa pale dukani, usiku mikono inapowaka ndiyo hutaweza kabisa.

Kwa hali yako ningeangalia ya mezani inayojaza puto, kama Volcano Medic inayotengenezwa hukuhuku Ujerumani, mji wa Tuttlingen. Inatumia umeme wa ukutani, kwa hiyo habari ya betri imekwisha. Pampu inajaza puto, unalichomoa, unakaa kitandani unavuta taratibu bila kushika kitu kizito wala cha moto. Tena ina vikopo vidogo vya dozi: mumeo au mtu mwingine anaweza kusaga na kujaza vya wiki nzima, wewe unatumbukiza kimoja tu. Mimi hivyo vikopo ndivyo vingenifanya niamue.

Kabla ya kutoa hela yako, mwombe daktari akuandikie mashine pia. Hiyo imesajiliwa kama kifaa tiba, na mfuko wa bima unaweza kuilipia. Wakikataa mara ya kwanza, kata rufaa kwa maandishi.

MwanaPwani
Kwa heshima zote, jamani, bangi ni bangi. Tumeona vijana walivyoharibika. Mvuke unaondoa ulevi?

Nesi_Bremen
Hauondoi, na hofu yako ni ya haki. Mvuke unapunguza masizi na hewa chafu ya moshi, basi. Mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili, mwenye moyo mbovu au mjamzito hapaswi hata kuanza bila daktari wake kujua. Ndiyo maana dada avute kidogo, asubiri dakika 15 ndipo aongeze, na asiendeshe gari akiwa bado anaisikia mwilini.

Na watoto, dada: majani yaliyokwisha kuvukizwa yanakuwa kahawia kama majani ya chai, lakini bado yana nguvu. Usiyaache kwenye kisahani. Maua, vikopo na mabaki, vyote viwe ndani ya kabati lenye kufuli.

Kipanga79
Nyongeza: Ukienda likizo nyumbani usibebe chochote, hata mashine iliyotumika, mabaki yanabaki ndani. Cheti cha daktari wa Ujerumani hakitakulinda. Tanzania kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, nayo haina mchezo. Panga na daktari dawa nyingine ya safari, mapema.

FundiSaidi
Na usafi. Chujio likiziba hewa haipiti na ladha inakuwa ya kuungua. Piga brashi kila baada ya kutumia kukiwa bado na uvuguvugu, na mara moja kwa wiki loweka chujio kwenye spiriti, lisuuze, likauke kabisa.

Binti_Tanga
Nawashukuru mno. Narudi na mrejesho, wiki saba zimepita.

Nilikwenda dukani kama Nesi alivyosema. Ya mkononi niliyokuwa naitamani, ile ya bei kubwa, nilishindwa kuizungusha kifuniko mara ya pili tu. Nilitokwa na machozi pale mbele ya muuzaji. Ya puto niliiweza. Bima walikataa, nikaandika rufaa na daktari akaongeza barua, jana wamekubali.

Mume wangu anajaza vikopo Jumapili usiku watoto wakishalala. Natumia nyuzi 185, nusu puto, dirisha wazi. Mikono bado inawaka, lakini juzi nililala saa tano mfululizo. Mama sijamwambia bado. Nikimpigia Ijumaa nitamwambia, nikianza na habari ya udi na majivu.