Mchezaji mzawa akidai hela yake msaliti, kiongozi akiacha mkataba uishe mnampigia makofi. Mnakera sana aisee

Wakuu habari za jioni. Mods msiupeleke huu uzi jukwaa la vichekesho, niko siriasi na nina hasira.

Naanza kwa kusema mimi ni Yanga, Yanga ya kuzaliwa, ili asije mtu hapa chini akaniita kolo, yaani shabiki wa Simba, kwa sababu tu nimesema kitu ambacho hakipendi. Kilichonileta ni hivi, kila dirisha la usajili likikaribia lazima kuna kijana mmoja wa Kitanzania mkataba wake unaelekea mwisho na hajasaini mpya, basi grupu zote zinawaka moto, watu wazima na ndevu zao wanaandika "aende tu", "hana shukrani", "tumemtoa mbali huyu". Tumemtoa mbali wapi? Wewe umemtoa na nini, na bando la wiki? Mtu kaanza kucheza kwenye mchanga na miguu peku, kaja kwenu mmemtumia misimu minne mitano, makombe mmebeba, picha mmepiga, leo anasema jamani na mimi naomba niangaliwe, imekuwa kosa la jinai.

Na hili halijaanza leo. Tukumbushane la Fei Toto maana naona watu mna usahaulifu wa makusudi. Desemba 2022 Feisal Salum anaweka milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mshahara wa miezi mitatu. Sasa chukua simu yako fungua kikokotoo gawa 12 kwa tatu. Milioni nne. Milioni nne kwa mwezi kwa kiungo anayeanza Yanga na anayeanza timu ya taifa, mtu tuliyekuwa naye tangu 2018, wakati tunajua kabisa kuna mapro wa kigeni wamepita pale Jangwani, klabuni kwetu, wamekaa jukwaani msimu mzima wanakula zaidi ya hiyo na hakuna aliyewaita wezi. Nilipoiona ile hesabu nilitegemea mashabiki tuulize swali moja tu, nani aliandika mkataba huu na kwa nini haukuboreshwa mapema mtu alipopanda kiwango? Hakuna aliyeuliza. Tukageuka wote tukawa wanasheria, "mkataba ni mkataba", "akae mpaka 2024", kijana akatukanwa yeye, akatukanwa mama yake mzazi, na hao hao waliomtukana ndo walikuwa wanavaa jezi namba yake mwezi mmoja nyuma.

Kwenye sheria sibishi. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho letu la soka, TFF, ilikaa Januari 2023 ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, sawa, kamati imesema. Huwezi kuweka hela kwenye akaunti ya mtu ukasema biashara imeisha wakati mwenzako hajakubali kuuza. Lakini kushinda kesi na kushinda kwenye mpira ni vitu viwili, sisi tulishinda kesi tukabaki na mchezaji wa kwenye makaratasi. Nusu msimu mzima hachezi. Na ilikuwa nusu msimu ipi? Ile ile tuliyoenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, tukafungwa mbili moja kwa Mkapa, tukaenda Algiers tukashinda moja, jumla mbili mbili, tukakosa kombe kwa goli la ugenini. GOLI LA UGENINI. Sisemi Fei angetupa kombe, ila usiniambie timu iliyokosa kombe la Afrika kwa uzi mwembamba namna ile haikuwa na kazi ya kumpa kiungo mfungaji. Halafu tumetoka huko tunaitwa Ikulu kula chakula na Rais, na katika mambo yote ya nchi hii Mama Samia anaanza kutusihi tumalize suala la Fei. Rais wa nchi wakuu! Siku chache baadaye limeisha, mtu kaenda Azam. Miezi sita mnakomaa kwamba haiwezekani, kumbe inawezekana ndani ya wiki moja.

Msimu uliofuata kule Chamazi kwa Azam kapiga magoli 19 ya ligi, kaachwa na Aziz Ki wetu kwa mawili tu, Azam wamemaliza wa pili juu ya Simba kwa tofauti ya magoli. Huyo ndo mliyesema hana thamani ya hela anayoitaka.

Sasa tuje kwenye hiyo "thamani" mnayoibishania kila siku bila kujua mnabishania nini. Mtu anakuja na hoja moja, "alifunga kwenye dabi na Simba", basi thamani imepanda. Mwingine "siku ile alikosa penati", thamani imeshuka. Hivi mnadhani vilabu vya Misri na Morocco vinanunua kwa dabi? Wanaangalia umri, nafasi anayocheza, kafanya nini kwenye mechi za CAF, yaani za vilabu Afrika, na zaidi ya vyote wanaangalia MKATABA UMEBAKI MUDA GANI. Kanuni ya FIFA iko wazi kabisa, mkataba ukibaki miezi sita mchezaji anaruhusiwa kuongea na kusaini na klabu nyingine, na ukiisha anaondoka na begi lake, klabu haipati senti ya uhamisho. Mchezaji wa miezi sita ni ndizi iliyoiva, ama umeiuza leo ama unakula mwenyewe. Na mkataba mmoja unaruhusiwa kwenda mpaka miaka mitano, mitano! Sisi tunawasainisha vijana wetu miwili miwili halafu ukifika mwaka wa pili tunashangaa kwa nini ana kiburi.

Angalieni Mayele, mshambuliaji wetu. 2023 katoka kufunga 17 kwenye ligi na 7 kwenye Shirikisho, kiatu cha Shirikisho kabeba yeye, mkataba anao, Pyramids ya Misri wakaja wakalipa wakamchukua. Siku ile mlilia humu kana kwamba mmefiwa, "viongozi wana njaa", "wameuza timu". Ile ndo ilikuwa biashara sahihi kuliko zote nilizoona pale klabuni, umemuuza akiwa juu kabisa, na 2025 kawafungia Pyramids kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wamebeba kombe, kwa hiyo aliyenunua hajuti na aliyeuza hajuti. Watani zetu Simba nao walifanya vizuri kwa Luis Miquissone, kawafunga Al Ahly ya Misri lile goli kwa Mkapa Februari 2021, Agosti tu wameshamuuza kwa Al Ahly hao hao. Sijui wamepata shilingi ngapi na wewe hujui, nitarudi hapo. Tatizo la makolo ni kwamba 2023 wakamrudisha wakidhani bado ni yule yule, na sote tuliona kilichotokea.

Sasa linganisha na winga wetu Morrison. Katufungia ile faulo ya Machi 2020 tukamlaza mtani, nchi nzima inaimba jina lake, Agosti mwaka huo huo kasaini Msimbazi kwa Simba. Tukasema ana mkataba na sisi, TFF wakasema mkataba una mapungufu, tukaenda mpaka CAS, mahakama ya michezo ya kimataifa, tukasubiri mpaka Novemba 2021, CAS nao wakatutupa nje. Mwaka na zaidi wa mawakili kwa ajili ya karatasi ambayo mtu makini angeikagua kwa nusu saa kabla hajaipiga muhuri! Kuna mtu aliwahi kuulizwa nani aliuandaa ule mkataba? Mlichofanya ni kumtukana Morrison miaka miwili, halafu 2022 karudi Jangwani mkampokea kwa vifijo. Nyie watu nyie.

Na hii ya kutojua bei ndo inanimaliza kabisa. Tunaambiwa wanachama tuna asilimia 51 ya klabu, wenye timu ni sisi, basi niambieni enyi wenye timu, beki wenu namba tatu mkataba wake unaisha lini? Hamjui. Mnasubiri kuambiwa na mtangazaji wa redio ambaye naye kaambiwa na kiongozi kile ambacho kiongozi anataka mkisikie. Wiki hii "kasaini miaka miwili", wiki ijayo "kumbe ulikuwa mwaka mmoja wenye kipengele". Mchezaji akigoma kusaini linavuja dau lake tu, "anataka milioni kadhaa huyu", halivuji hata siku moja dau alilopewa na klabu. Mnagombanishwa na mtoto wa maskini mwenzenu na mnaingia kingi kila mwaka.

Wenzetu Marekani kwenye kikapu wana ile drafti yao, timu zinachagua vijana kwa zamu na mshahara wa kila namba umeshapangwa kabla hata jina halijatajwa. Hasheem Thabeet wetu 2009 kachaguliwa namba mbili na Memphis, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Steph Curry aliyekuwa wa saba. Mpaka leo Wamarekani wanawacheka Memphis kwa uchaguzi ule. MEMPHIS, wakuu. Lawama ya kwanza inaenda kwa waliokaa mezani wakachagua, kwa sababu kila kitu kiko hadharani na kila shabiki anajua nani alilipwa nini na nani aliamua. Ingekuwa hapa kwetu ungesikia Thabeet kawaibia.

Halafu kuna kundi lingine la "klabu hazina hela jamani tuwe wapole". Mkataba wa Azam Media na TFF wa 2021 wa kuonyesha ligi ni bilioni 225.6 kwa miaka kumi, kuna wadhamini wa vifuani, jezi zinauzwa mpaka mitumba feki imeisha Kariakoo. Sijasema kila klabu tajiri, kuna timu za mikoani huko mishahara inachelewa miezi na hao nawahurumia, nazungumzia wakubwa watatu wanne wanaosajili wageni 12 kila msimu na nusu yao hata majina hatuyakumbuki ikifika Krismasi. Hela ya kumvunjia mkataba mgeni aliyefeli huwa inapatikana haraka sana maana wanajua asipolipwa anaenda FIFA na klabu inafungiwa kusajili. Mzawa haendi FIFA. Mzawa anaambiwa "mwanangu vumilia, hii ni timu yako".

Wachezaji na nyie siwaachi. Unasaini mkataba kwenye kiti cha nyuma cha gari usiku, mwanasheria huna, wakala wako ni shemeji yako, kopi ya mkataba hujapewa, halafu mwaka wa pili ndo unagundua kipengele. Ile hela ya wakili unayoikwepa ni ndogo kuliko simu uliyonunua siku ya kusaini.

Nimemaliza. Njooni.

-----

NYONGEZA: Nimesoma komenti zenu mpaka ukurasa wa tatu, nusu ni matusi kama nilivyotegemea, nijibu chache.

Mkuu unayesema "shabiki anatakiwa aipende timu, sio mchezaji", mbona hiyo timu unayoipenda ndo inapoteza hela kila mchezaji akiondoka bure? Ukilipenda duka lako utaacha mali itoke bila risiti?

Dada uliyeleta ishu ya Kibu Denis, mshambuliaji wa Simba, nashukuru maana nilimsahau. 2024 kasaini upya Simba, timu iko Misri kwenye maandalizi yeye haonekani, mara tunasikia yuko Norway. Hapo mchezaji kakosea, nasema wazi, umesaini kwa mkono wako kacheze. Ila angalieni mashabiki. Julai "afungiwe", "asiguse jezi yetu tena". Desemba huyo huyo kawapiga Sfaxien ya Tunisia mbili, la pili dakika za nyongeza huko, waliotaka afungiwe walikuwa wanalia machozi ya furaha kwa Mkapa. Thamani yake ilibadilika nini katikati ya Julai na Desemba? Hasira zenu ndo zilibadilika.

Kuna mmoja kaniuliza kwa kejeli "kwa hiyo unataka kila mchezaji alipwe anachotaka?" Hapana bwana, soma vizuri. Akitaka nyingi mwambie hatuna, muuze akiwa na mwaka na nusu mbele, chukua hela tafuta mwingine kule Zanzibar, JKU au Mlandege, au popote. Kinachonichefua ni kukaa kimya mpaka miezi sita, kumchafua redioni, kisha kumwachia aende bure huku tunaambiwa tumepata "ushindi wa heshima".

Na wewe uliyeniambia kama nimechoka nihamie Simba. Simba hao hao ambao 2024 wamekaa wanamtazama kiungo wao Chama mpaka mkataba umeisha, Julai mosi tunamtangaza sisi, wao hawajapata hata elfu kumi ya nauli? Nihamie nikafanye nini huko.