Wazee wametoka Tanga, watoto wanataka tuwapeleke kula Galleria Houston, naombeni ushauri

BintiWaChumbageni
Habari za humu wadau. Wazazi wangu wameingia juzi kutoka Tanga, mara yao ya kwanza Marekani, na wanangu wameng'ang'ania bibi na babu wapelekwe kula Galleria, kwenye ile migahawa ya Kimarekani ya kukaa mezani, mambo ya baga na mbavu na chipsi, halafu wakaangalie watu wanavyoteleza kwenye ule uwanja wa barafu ndani ya mall. Pamoja na dada yangu na wanawe tutakuwa tisa.

Wasiwasi wangu ni mama. Hali nyama asiyojua imechinjwa vipi, na kuna mgahawa mmoja huku (siutaji) nilienda na wifi yangu tukaagiza maharage, tukauliza kabisa tukaambiwa hayana nyama, kijiko cha kwanza tu kikatoka na kipande cha bekoni, nyama ya nguruwe. Wifi alisukuma sahani yakaisha, lakini likimkuta mama hilo hatii tena chakula cha nje mdomoni mpaka siku anapanda ndege. Na baba naye kila bei anaigeuza shilingi hapo hapo, sahani ya dola 22 ataona ni elfu hamsini na ushee atasema yeye ameshiba. Nataka wale, washibe, wafurahi na wajukuu zao. Niwaagizie nini? Na tipu kwa watu wengi hivi inakuwaje?

Abuu_Swaleh
Dada yangu ya nini kujipa presha, nenda Hillcroft, kumejaa migahawa ya Wapakistani na Wahindi, halali kila kona, biriani, kuku wa kuchoma, mkate wa moto, mama anakula bila kuuliza swali. Mzee wa miaka sabini baga ya nini?

MamaKevo_Dallas
Abuu heshima yako lakini hapo sikubaliani na wewe. Huyo mama wa Tanga biriani anapika mwenyewe na pengine kuwashinda hao wa Hillcroft, hajasafiri mabara mawili aje ale biriani. Mamangu alipokuja kutoka Mombasa kitu alichosimulia mpaka leo ni kale kadude wanakokupa mlangoni ukingoje meza, kanawaka taa nyekundu na kutetemeka mkononi meza ikiwa tayari, alikashika na mikono miwili kama yai na hakutaka mtoto yeyote akaguse. Wapeleke mall mamii. Enda saa nane saa tisa mchana, si Jumapili watu wakitoka kanisani, na uombe meza, usikubali vile viti vya sofa vya kubanana, mzee akitaka kwenda msalani watu wanne lazima wainuke.

Na chai useme wazi unataka ya moto, maana Texas ukisema chai tu unaletewa bilauri ya barafu. Maji pia waambie yaje bila barafu.

Kaka_wa_Trei
Nimehudumia meza kwenye migahawa ya aina hiyo miaka kadhaa kwa hiyo naongea ninachokijua. Dada, usiulize kama chakula kina nyama, uliza kama kina nguruwe, bekoni au pombe, taja kimoja kimoja, na mwambie mhudumu aende akamuulize mpishi. Kusini huku maharage, mboga za majani, mpaka supu ya viazi vinaungwa na bekoni na mhudumu mgeni wala hafahamu, kwake yeye ile ni kiungo tu, ndio yaliyowakuta nyinyi. Samaki wa kukaanga naye ana mtego wake, sehemu nyingi ule unga wa kumpaka unakorogwa na bia, na kuna sosi tamu tamu za kupaka samoni zina wiski. Kwa hiyo mama muagizie samoni wa kuchoma bila sosi, au kamba, kiazi kizima cha kuokwa na siagi pembeni, saladi bila vile vipande vya bekoni, na waombe wachome kwenye kikaango kisafi kwa sababu lile bamba la kuchomea ni moja kwa kila kitu. Mwambieni tu kwamba dini hairuhusu, jikoni wanalichukulia kwa uzito.

Sahani zao ni kubwa, usiagize tisa. Watoto chukua menyu ya watoto, mara nyingi mwisho miaka 12, wakubwa mgawane, kinachobaki unaomba boksi unaondoka nacho, huku hakuna aibu yoyote. Soda wanaongeza bure.

Tipu sasa. Sheria inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango hakijaguswa tangu 1991 na Texas ndicho wanachotumia, kwa hiyo mshahara wa yule binti anayewahudumia unatoka mezani kwenu. Weka asilimia 18 hadi 20. Ila mkiwa sita au zaidi sehemu nyingi wanaiweka wenyewe kwenye bili, isome kabla hujaongeza nyingine juu yake. Na bei ya menyu haina kodi, Houston ni asilimia 8.25, yaani chakula cha dola 100 ukijumlisha kodi na tipu ya asilimia 20 kitakutoka kama 128 hivi.

Abuu_Swaleh
Hiyo ya bia kwenye samaki sikuwahi kuisikia, na nimemla sana. Ahsante kaka. Basi wapelekwe, ila Hillcroft iwe siku ya pili.

BintiWaChumbageni
Mungu awabariki sana nyote, nimeshamwambia dada Jumamosi saa nane. Hapa kabaki baba na bili yake, maana ataitaka aione, na nikimnyima ataona namdharau mbele ya wajukuu.

Kaka_wa_Trei
Hilo dogo. Mkishakaa, jifanye unaenda kunawa, mfuate mhudumu mpe kadi yako mwambie bili isije mezani kabisa. Tumezoea, hasa familia za Wamexico wanapigania bili kuliko sisi. Mzee akiuliza mwambie imeshalipwa, kama anataka kutoa kitu awanunulie wajukuu aiskrimu pale chini karibu na barafu, hiyo bei ataimudu na watoto watamshukuru yeye.