Allion ya 2005: taa ya breki haizimi, na ya ABS nayo imewaka. Nisaidieni kabla ya safari

Mla_Mahamri
Assalaam aleikum wakuu. Nna Toyota Allion ya 2005, injini ya 1500, nimeinunua kwa mtu hapa hapa Mombasa. Taa nyekundu ya breki, ile yenye alama ya mshangao, ilianza kwa kuchezacheza. Nikikata kona Buxton au nikikanyaga breki kuteremka Nyali Bridge yawaka, gari ikinyooka yazima. Fundi akaongeza maji ya breki, ikatulia. Haikumaliza mwezi imerudi, na safari hii haizimi kabisa. Juu yake imeingia ile ya njano ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Fundi asema pampu ya ABS imekufa, na bei aliyonitajia wallahi nilidhani aniuzia gari jingine. Handbreki nimeiachia mpaka chini. Pedi za mbele ni mpya, niliziweka niliponunua gari. Wiki ijayo twaenda harusini Wundanyi, na ule mlima wa kutoka Mwatate mwaujua. Nifanyeje?

DerevaLikoni
Chomoa balbu ya hiyo taa uishi kwa amani. Gari za Japani hizi zina kelele. Breki yashika? Basi.

BintiSpana
Kaka, huyo wa juu mpite kama ulivyompita muuza madafu. Kwanza fungua boneti uniambie maji ya breki yako wapi kwenye chupa.

Mla_Mahamri
Nimetoka kuangalia. Yako chini ya MIN.

Kiparamoto
Na taa ya betri je? Kwenye baadhi ya Toyota altaneta, ile inayochaji betri, ikifa huwasha ya betri na ya breki kwa pamoja.

Mla_Mahamri
Ya betri haiwaki.

BintiSpana
Basi altaneta tuiweke kando. Sikiliza. Ndani ya ile chupa mna boya. Maji yakikaribia MIN, gari ikiinama au ikipinda yanasogea upande mmoja, boya lashuka, taa yawaka. Ndiyo maana ilianzia kwenye kona na mteremko. Sasa yamepungua zaidi, haizimi tena.

Swali ni yameenda wapi. Maji ya breki hayaliwi kama petroli. Pedi zikichakaa, pistoni husogea nje na maji hushuka taratibu kwenye chupa, hilo ni kawaida na huchukua muda mrefu. Lakini wewe pedi ni mpya, na umeongeza juzi tu. Hapo panavuja. Fundi aliyeongeza bila kuuliza hilo alikuzimia taa, hakutengeneza breki.

Angalia upande wa ndani wa matairi yote manne kama pana majimaji. Inua kapeti chini ya pedali, masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, ikivuja nyuma hulowesha pale. Gari nyingi za aina hii breki za nyuma ni dramu, na mie shaka yangu iko huko: wili silinda, ile inayosukuma shuu zibane dramu, huvujia ndani ya dramu, nje huoni kitu mpaka ifunguliwe. Shuu zikilowa usikubali zikaushwe kwa petroli. Badilisha, pande zote mbili. Na usiendeshe mpaka hili liishe.

Mzee_wa_Jomvu
Binti amesema kweli. Mie naongeza ya ABS, kwani watu wanachanganya taa mbili kama ugonjwa mmoja. Rudisha maji kwanza. Nyekundu ikizima ikabaki ya njano peke yake, breki za kawaida unazo, ila ukikanyaga kwa nguvu magurudumu yaweza kujifunga. Zikibaki zote mbili na maji yamejaa, hiyo ni hatari zaidi, mgawanyo wa breki mbele na nyuma huenda haufanyi kazi.

Pampu usinunue kwa maneno. Mashine nyingi za bei rahisi za kusomea hitilafu husoma injini tu. Kwenye Toyota za miaka hiyo, soketi iliyo chini ya dashibodi unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya ABS inavyopepesa. Mara tatu, kituo, kisha mara moja ni 31. 31 ni sensa ya gurudumu la mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Pini ya 16 ina moto wa betri, usiiguse na huo waya.

Mla_Mahamri
Shikamoo mzee, na shukran dada. Nimerudi na habari. Nimehamia kwa fundi mwingine. Dramu ya nyuma kushoto ilipofunguliwa, shuu zimelowa chapa, wili silinda imechoka. Tumebadilisha za pande zote na kutoa hewa. Nyekundu imezima. ABS ilipepesa 32. Soketi ya sensa ilikuwa imejaa kutu ya kijani, fundi akaisafisha, taa ikazima, kisha barabara mbovu ya huku Mikindani ikaiwasha tena.

Mzee_wa_Jomvu
Marahaba. Hiyo ni chumvi ya bahari, na waya wake yawezekana ulivutwa pedi zilipobadilishwa. Tafuta sensa, pampu iache dukani.

Mla_Mahamri
Sasa Wundanyi niende?

BintiSpana
Maji yote yalibadilishwa, au mliongeza tu? Maji ya breki hunyonya unyevu, na pwani hewa ndiyo hii. Maji ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya unyevu hushuka mpaka kama 140, na mlima ule kurudi chini ndio utakaoyachemsha. Badilisha yote. Kisha chora mstari kwa kalamu kwenye chupa, pale maji yalipofika, zunguka nayo mjini mpaka siku ya safari. Maji yakishuka chini ya mstari hata kidogo, panda matatu. Yasiposhuka nenda, na kuteremka tumia gia ndogo, usikae na mguu juu ya breki.

DerevaLikoni
Au chomoa balbu.