Tupeane uzoefu: uliacha lini kunyoosha mkono darasani?

MamaWawili: Jana mwanangu wa la tatu kaniambia mama, mwalimu akiuliza mmeelewa wote tunasema ndiyooo hata kama hatujaelewa. Nimekosa usingizi. Nyie ilikuwaje?

Kifutio: Mimi fomu wani, 2006. Msingi nilikuwa muulizaji balaa, miaka saba yote Kiswahili, nafika sekondari kila kitu Kiingereza. Kipindi cha baiolojia mti unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, nikanyoosha mkono, nikauliza kwa Kiswahili sasa usiku mti unakula nini? Mwalimu akasema uliza kwa Kiingereza au kaa chini, nimesimama pale maneno hayaji, darasa zima linacheka, nikavalishwa shingoni kile kibao cha adhabu ya kuongea Kiswahili mpaka kengele ya mwisho. Sikuuliza tena mpaka namaliza fomu foo. Kumbe usiku mti unatumia wanga uliojiwekea mchana, sentensi moja tu!

Pwani4: Kile kibao jamani 😢

Mwl_Chaki: Msitupige mawe sisi tu. Nina watoto 118 chumba kimoja, kipindi dakika 40, kila mmoja akiongea nusu dakika muda umeisha. Mtaala wa umahiri upo tangu 2005 ila mtihani bado unataka kukariri.

Ndama: Kisingizio hicho, wagawe makundi.

Mwl_Chaki: Dawati la watatu wamekaa watano, makundi nayapanga wapi? Njoo ufundishe wiki moja.

TichaKaranga: Nina mtoto la nne, hesabu hajibu kabisa, tukamwita mzito. Siku nipo stendi namkuta anauza karanga, abiria kachukua vifuko vitatu vya 200 na viwili vya 500, katoa elfu tano, basi linaondoka, mtoto anakimbia nalo huku anarudisha 3,400 bila kusita. Niliona aibu mpaka nikajificha. Jumatatu nikaja na vizibo vya soda, nikamfanya mwenye duka, darasa wakapanga foleni kununua. Siku hizi ndo anaelekeza wenzake kutoa kwa kukopa.

Pwani4: Umeniliza ticha.

Kifutio: Mzito!! Kumbe sisi ndo hatuoni.

Ndama: MamaWawili, mpeleke mwanao inglishi midiamu tu.

Shangazi_K: Huko ndo wanakaririshwa zaidi. MamaWawili, jioni mwanao akufundishe yeye, wewe kaa uwe mwanafunzi.

MamaWawili: Ticha, vizibo vingapi vinatosha mtoto mmoja?

TichaKaranga: Mia. Vigonge kingo kwanza, vinakata vidole.