Naomba ushauri: imani yangu inapanda na kushuka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niko Masasi, nimeokoka huu mwaka wa pili. Kukiwa na semina nawaka kweli, ikipita wiki mbili nimepoa, na msimu wa korosho ndo kabisa, kuanzia mwezi wa 10 nashinda shambani narudi usiku nimechoka Biblia hata sifungui. Nilijaribu kusoma sura 4 kwa siku ili nimalize kwa mwaka, nikakwama Walawi. Kufunga pia nimefunga. Yule mjenzi wa nyumba wa Luka 6:48 alichimba chini sana mpaka mwamba, mi nahisi najenga juu juu tu na inaniuma jamani. Mwenye muda mchache kama mimi aanze na kitabu gani, na maombi nipange saa ngapi ili yadumu hata msimu ukifika?