Kompyuta ya ofisi ya walimu: nani awe msimamizi? Tujadiliane

Habari zenu walimu, mafundi na wadau wote wa shule. Naleta mezani jambo lililotugawa kwenye kikao cha wafanyakazi. Nina upande wangu na sitauficha.

Ofisi yetu ya taaluma ina kompyuta moja ya mezani inayotumiwa na walimu 14. Tangu inunuliwe ina akaunti moja tu, nayo ni ya msimamizi: yeyote anayeingia anaweza kuweka programu, kuzima antivairasi, hata kufuta kazi ya mwenzake. Neno la siri limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu chini ya skrini. Wanafunzi wanaoleta madaftari wanalisoma.

Kipindi cha moko, mwenzetu mmoja alichoshwa na Word iliyokuwa ikidai leseni kila akiifungua. Akapakua programu ya kuvunja leseni. Maelekezo yake yalisema zima antivairasi kwanza, kisha fungua faili hili. Kompyuta ikamuuliza kama anakubali, naye akabofya kukubali, kama tunavyobofya sote. Asubuhi mafaili yalikuwa yameota mikia ya herufi zisizoeleweka, hakuna hata moja lililofunguka, na skrini ilikuwa na ujumbe wa kudai pesa. Alama za kidato cha nne, masomo yote, zilikuwa humo. Mwalimu wa taaluma alikesha siku 3 akiziingiza upya kutoka kwenye karatasi za majibu.

Kikaoni nikapendekeza kila mwalimu afunguliwe akaunti yake ya kawaida, na ile ya msimamizi itengwe. Mwalimu wetu mmoja wa siku nyingi akasimama, akasema kwa uchungu: "Mnanikabidhi watoto 60 darasani, halafu kompyuta hamniamini?" Wengi walimpigia makofi, na machungu yake nayaelewa. Lakini suala hapa si kumwamini mwalimu. Ukiwa umeingia kama msimamizi, ukishakubali, programu uliyoifungua inapata uwezo wote ulio nao wewe, iwe ni draiva ya printa (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa) au ni mwizi. Yule mwenzetu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Angekuwa kwenye akaunti ya kawaida, kisanduku kilekile cha kuuliza kingemtaka aandike neno la siri la msimamizi, ambalo hana, na hapo angemwita mtu. Na hata kirusi kingepenya, kingeishia kwenye mafaili yake, si ya wenzake 13. Ya kwake bado yangeharibika, kwa hiyo haja ya nakala za akiba kwenye diski ya nje iko palepale.

Kwa sababu hiyo, nasema hata mkuu wa shule asifanye kazi za kila siku kwenye akaunti ya msimamizi. Na mimi ninayefundisha kompyuta nisifanye. Mazoea haya ni ya tangu Windows XP ya 2001, ambayo akaunti zilizofunguliwa wakati wa kuweka mfumo zote zilikuwa za msimamizi. Kile kisanduku cha kuuliza kimekuja na Windows Vista, toleo lililofuata, na sisi tumekizoea mpaka hatukisomi.

Hoja iliyonikosesha usingizi ni nyingine. Mwalimu aliyekuwa na neno la siri la maabara ya kompyuta alihamishwa, akaondoka nalo kichwani, na simu yake haikupatikana. Printa mpya ilikaa kwenye boksi hadi fundi alipolipwa kupiga Windows upya, na kazi za wanafunzi zikafutika. Waliolitaja hilo kikaoni wana haki. Kumpa mtu mmoja funguo zote ni kosa kubwa sawa na kumpa kila mtu. Mimi nataka wawili, na neno la siri liwekwe pia kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya mhasibu, na daftari la kusaini kila inapofunguliwa. Mmoja akihama, neno la siri linabadilishwa siku hiyohiyo.

Wanaosema haya ni makuu ya maofisi ya mjini, wakumbuke kwamba majina na alama za watoto ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayezitunza azilinde. Kile kikaratasi cha selotepu hakilindi chochote.

Ninapokwama ni usiku wa mitihani. Saa 5 usiku printa inagoma na inataka draiva, mtihani ni saa 2 asubuhi, wenye neno la siri wote wawili wako majumbani kwao, mhasibu kafunga sefu kaondoka. Mwalimu wa zamu apewe ufunguo wa sefu? Asomewe neno la siri kwa simu, halafu libadilishwe kesho yake? Shuleni kwenu mnafanyaje?