Tangu lini nyota zikawa kigezo cha kupokea programu?

Wakuu, hili limenichosha, acha niliseme wazi.

Niliomba programu moja ndogo iingizwe kwenye mkusanyiko wa vifurushi huria ninaoutumia kila siku. Kazi yake ni kutafuta maneno ndani ya faili za kumbukumbu zilizobanwa. Leseni ni GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, inajengeka kutoka msimbo chanzo bila kuvuta kitu mtandaoni, majaribio yote yanapita, na mwenyewe anajibu kila hitilafu. Nikaletewa jibu la mstari mmoja kwamba nyota zake, yaani alama za kuipenda ambazo watu huibonyezea mtandaoni, ni chache, ombi likafungwa. Hakuna aliyefungua hata faili moja ya msimbo!

Nyota mtu anabonyeza akipita tu, na siku hizi zinauzwa. Huo ndio ukaguzi?

Chukueni xz. Ni programu ya kubana faili, na ilikuwa karibu kwenye kila mfumo wa Linux, sasa umaarufu gani tena mnautaka? Machi 2024 matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1 yakakutwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta, tayari yameshaingia toleo la majaribio la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux. Kipande cha kuuwasha kiliwekwa kwenye kifurushi cha kupakua, hakikuwemo kwenye hazina ya Git, ambako msimbo huhifadhiwa hadharani. Mhandisi wa programu Andres Freund ndiye aliyeukamata, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba. Kulinganisha kifurushi na hazina ndiyo kazi ninayotaka mkague. Nyota hazikuonyeshi hilo hata siku moja.

Debian kwa upande wa leseni nawapa heko. Miongozo yao ipo tangu 1997, imeandikwa, na ukikataliwa unajua ni kipengele gani. Leseni ya JSON iliyodai programu itumike kwa wema na si kwa uovu waliikataa. Ukali wa aina hiyo naukubali, maana unajibika.

Najua wasimamizi wanajitolea na kila kifurushi ni mzigo. Basi semeni hamna mtu wa kukitunza. Nilijitolea kukitunza mimi, kwenye ombi lilelile, na hakuna aliyeligusa hilo. Huku mkusanyiko huohuo unaendelea kubeba programu iliyotelekezwa na mwenyewe, yenye hitilafu ya usalama iliyoripotiwa hadharani, kisa ni maarufu!

Fungueni ombi upya, someni msimbo. Mkikataa tena, nionyesheni mstari wenye tatizo.